Kaza Kwanza, Nyanyua Baadaye

Imekuwa desturi katika kambi na vituo vyetu kwamba askari akishapata gari lake mwenyewe, jambo la kwanza analolifikiria ni kulinyanyua. Gari lililoletwa kutoka Japani likiwa na kimo chake cha kawaida hupelekwa gereji, likawekewa vipande vya mpira au vya chuma juu ya springi, likafungwa matairi makubwa kuliko yale ya awali, na baada ya siku mbili mwenye gari hupita langoni kifua mbele akiamini kwamba sasa ameyashinda mashimo ya Kampala. Nimeshika kalamu kuwaomba ndugu zangu wa jeshi na wa polisi waifikirie upya desturi hii. Sisemi kwamba kunyanyua gari ni kosa wakati wote. Nasema kwamba mpango wetu umekwenda kinyume: tunaanza na kile kinachoonekana na watu, tunakiacha kile kinachotubeba.

Jambo hili si dogo kama linavyodhaniwa. Askari wengi hawanunui gari kwa fedha taslimu. Wapo waliokopa katika Wazalendo SACCO, chama cha akiba na mikopo cha wanajeshi, na wapo waliokopa katika Exodus SACCO ya polisi. Mkopo hulipwa kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, huku ada za shule na mahitaji ya nyumbani vikisubiri. Kwa hiyo shilingi inayotumika chini ya gari ni shilingi iliyokwisha kukopwa, na ikitumika vibaya mara moja, hupatikana kwa taabu mara ya pili. Zaidi ya hayo, katika gari lile hupanda mke au mume, watoto, na mara nyingi askari wenzetu wawili watatu wanaoomba lifti kutoka zamu. Wote hao wameiweka roho yao juu ya viungo vinne vitano vya chuma na mpira ambavyo hawavioni.

Nitatoa mfano mmoja nilioushuhudia kwa macho yangu. Nilikuwa abiria katika gari la rafiki yangu koplo, tukitoka Bombo kuja Kampala. Gari lake lilikuwa Corolla ile inayojulikana nchini kwa jina la Kikumi. Mwezi mmoja kabla ya siku ile alikuwa amelinyanyua kwa vipande vya mpira mbele na nyuma, na njia nzima alikuwa akiisifu kazi ile. Kutoka gurudumu la mbele upande wa kushoto ulisikika mlio kila tulipopita kwenye tuta, mlio mkavu kama wa mtu agongaye mlango kwa kidole. Nilipomuuliza, alisema kwamba ni mipira mipya inajizoeza. Tulipokaribia Matugga akapunguza mwendo ili kulipita shimo. Gurudumu likashuka shimoni, likagonga, kisha likalala upande na kujikunja chini ya bodi. Gari likachuchumaa kama ngamia anayeteremshiwa mzigo. Kwa rehema za Mungu mwendo wetu ulikuwa mdogo na mbele yetu hapakuwa na lori.

Fundi aliyeitwa kutoka kando ya barabara alichungulia chini ya gari kwa dakika moja, akainuka akifuta mikono. Akasema, "Afande, boljointi ilikuwa imekwisha zamani. Umenyanyua nyumba ambayo nguzo yake imeliwa na mchwa." Koplo akamjibu, "Lakini fundi, gari hili nimelitengeneza juzi tu!" Fundi akatikisa kichwa. "Hukulitengeneza, afande. Umelivika viatu virefu."

Maneno ya fundi yule ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Ili tuyaelewe, yafaa kwanza tutazame kazi ya kila kitu kilichoko kati ya bodi ya gari na barabara.

Springi, iwe ya koili au ya bamba, hubeba uzito. Gari likiingia shimoni springi hujikunja, likitoka springi hujikunjua. Lakini springi ikiachwa peke yake haijui kunyamaza. Huendelea kurusha gari juu na chini kama kitanda cha waya. Kazi ya kuituliza ni ya shokapu. Ndani ya shokapu mna mafuta yanayosukumwa kupita katika matundu madogo, na msukumo ule huyageuza matikisiko kuwa joto. Ndiyo sababu ukisafiri mwendo mrefu katika barabara ya changarawe yenye makunyanzi kama bati la kuezekea, kisha ukaigusa shokapu, utaikuta ina moto. Shokapu hafifu ikipata moto mwingi, mafuta yake hutoa povu, na povu haliwezi kuzuia kitu. Hapo gari huanza kuelea, na gurudumu hutumia muda mwingi hewani kuliko ardhini. Gurudumu lililo hewani halishiki breki wala halitii usukani.

Kisha iko mikono ya chuma inayolishikilia gurudumu lisiende mbele wala nyuma. Mikono hiyo imeungwa na bodi kwa bushi za mpira, na imeungwa na gurudumu kwa boljointi, ambayo ni kichwa cha mviringo ndani ya kikombe, mfano wa kiungo cha paja na nyonga. Bushi huzuia mtetemo na kuuweka mkono mahali pake. Boljointi huliwezesha gurudumu kupanda na kushuka huku likikata kona. Tena ziko tairodi, zinazopeleka amri ya usukani kwenye magurudumu. Vitu hivi ni vidogo, havina sura ya kupendeza, na hakuna jirani atakayekusifu kwa kuvibadilisha. Hata hivyo springi ikivunjika mara nyingi utafika nyumbani kwa kuchechemea; boljointi ikichomoka hutafika.

Sasa tazama kinachotokea tunaponyanyua gari kwa kuweka vipande vya mpira. Bodi inapanda, lakini magurudumu yanabaki ardhini, kwa hiyo ile mikono iliyokuwa imelala karibu sawa na ardhi sasa inaning'inia kuelekea chini. Boljointi iliyoundwa ifanye kazi katikati ya kikombe chake sasa inafanya kazi karibu na ukingo. Shafti za mbele zinazozungusha magurudumu nazo zinakunjwa zaidi ya ilivyokusudiwa. Bushi zinapindwa hata gari likiwa limesimama. Ikiwa viungo hivyo ni vipya, vitachakaa upesi. Ikiwa vilikuwa vimekwisha kuchakaa, kama vilivyokuwa vya koplo, tumeviongezea mzigo siku ile ile tuliyopaswa kuvipumzisha. Tena gari lililoinuka huwa jepesi kulala katika kona, na taa zake, zisiporekebishwa, huwapiga machoni madereva wanaokuja.

Wapo watakaonijibu kwamba barabara zetu ndizo zinazotulazimisha. Hoja hiyo ina uzito wake. Kila mtu anakumbuka jinsi mwezi wa Aprili mwaka 2023 wakazi wa Kampala walivyosambaza picha za mashimo ya mitaa yao hadi jambo hilo likazungumzwa nchi nzima. Mvua za masika na za vuli huufungua upya ufa uliozibwa, na maji yateremkayo vilimani hukusanyika mabondeni ambako magari mengi hupita. Lakini tujiulize: shimo hulidhuru gari kwa njia gani? Mara chache sana ni kwa tumbo la gari kugusa chini. Mara nyingi ni kwa pigo linaloingia katika tairi, likapanda katika boljointi, bushi na shokapu. Pigo hilo halipungui kwa bodi kuwa juu. Hupunguzwa na tairi yenye upepo sahihi, springi inayojikunja kwa urahisi, shokapu yenye nguvu, na mguu wa dereva unaojua kuacha mafuta mapema.

Historia ya Afrika Mashariki inatupa ushahidi. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalipita katika nchi zetu tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, katika matope na vumbi ambavyo leo ni shida kuvisadiki. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 yalimalizwa na magari saba tu. Katika miaka yote hiyo miwili gari la kwanza lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff, na Peugeot 404 lilishinda pia mwaka 1966 na 1967. Gari lile halikuwa refu kama jukwaa, wala springi zake hazikuwa ngumu kama reli. Zilikuwa springi za koili, laini, zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Gurudumu lilifuata ardhi, na bodi ikasafiri kwa utulivu. Walioshinda ni wale ambao gari lao lilifika likiwa zima. Funzo hilo halijazeeka: katika barabara mbovu ulaini wenye kushikwa vizuri ni bora kuliko ugumu.

Basi, askari mwenye fedha kidogo aanzie wapi? Mimi nashauri mpango huu, na naomba ufuatwe kwa zamu yake.

Kwanza ni matairi na upepo wake. Karibu kila gari lina kibandiko, aghalabu kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kinachosema upepo wa kila gurudumu. Wengi wetu hujaza kwa kukisia, na wengine hujaza kupita kiasi wakidhani tairi gumu halitoboki. Tairi lililojaa kupita kiasi huupeleka ugumu wote wa shimo katika viungo vya gari. Kurekebisha upepo ni karibu bure, na ni matengenezo ya kwanza ya kulifanya gari litembee vizuri.

Pili ni viungo vinavyolishika gurudumu, yaani boljointi, tairodi na bushi. Njia ya kuvipima ni rahisi. Gari lisimame mahali pa tambarare, magurudumu mengine yazuiwe kwa mawe, gurudumu linalopimwa liinuliwe kwa jeki, na gari likalishwe juu ya kigingi imara, kwa maana jeki peke yake imewaua watu. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Kisha lishike kushoto na kulia, ulitikise tena. Ukisikia mchezo wowote au mgongano, mwite fundi aonyeshe kwa taa ni kiungo kipi kinachocheza. Usikubali kuambiwa kwamba mlio ni wa kawaida. Gari zima halibishi hodi.

Tatu ni shokapu. Shokapu iliyokufa hujitangaza: mafuta yanavuja ubavuni, tairi linalika kwa mabonde mabonde, pua ya gari inainama sana ukifunga breki. Wengi hupima kwa kukandamiza kona ya gari na kuiachia. Ikiendelea kudunda, shokapu imekwisha. Kipimo hiki kinafaa kuonyesha ile iliyokufa kabisa, lakini isikudanganye, kwani shokapu iliyochoka nusu yaweza kukipita. Na shokapu zibadilishwe kwa jozi, mbili za mbele pamoja au mbili za nyuma pamoja. Ukiweka mpya kushoto na kuacha kuukuu kulia, siku ya breki ya ghafla gari litakuwa na miguu miwili isiyo na mwendo mmoja.

Nne ni springi zenyewe, ikiwa zimelala au zimevunjika. Na mwisho kabisa, baada ya hayo yote, ndipo mtu afikirie habari ya kunyanyua.

Swali la pili ni wapi na namna gani ya kununua. Kampala imebarikiwa kwa vipuri. Ukienda Kisekka karibu na Nakivubo, au Ndeeba, utapata karibu kila kitu kwa kila gari, kipya na kilichotumika, cha asili na cha kuiga. Baraka hiyo ndiyo pia mtihani wake. Majina mazuri ya Japani, kama vile KYB kwa shokapu na 555 kwa boljointi na tairodi, ndiyo yanayovutia waigaji, maana hakuna aghushie noti isiyokuwa na thamani. Sanduku zuri si ushahidi. Tazama maandishi yaliyochongwa katika chuma chenyewe, yalinganishe na yale ya sanduku, angalia kama nyuzi za nati ni safi na kama kifuniko cha mpira kimekaa sawasawa. Boljointi mpya hukaza mkononi ukiizungusha. Ikilegea kama kijiko katika kikombe cha chai, irudishe. Zaidi ya yote, nunua kwa mtu mwenye duka la kudumu anayekuandikia risiti yenye jina la kipuri. Anayekataa kuandika anajua anachokiuza. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi, na hapa inavunja zaidi ya upishi.

Nenda na namba ya chesisi ya gari lako, wala usiende na jina lake la mtaani tu. Hata jina Kikumi, ambalo ni mia moja kwa Kiluganda, limetokana na namba hiyo, kwani chesisi ya Corolla zile huanza kwa AE100. Magari mawili yanayofanana kwa sura yaweza kuwa na boljointi mbili zisizofanana kwa upana. Fundi asiyejali huigonga kwa nyundo hadi iingie. Kiungo kilichoingia kwa nyundo kitatoka siku isiyotarajiwa.

Kuhusu vipuri vilivyotumika, nina kanuni moja fupi: chuma kitupu waweza kununua kilichotumika, chenye mpira, chenye mafuta, au chenye kichwa kinachozunguka, nunua kipya. Mkono wa chuma ulionyooka usio na ufa utakutumikia miaka mingi. Lakini shokapu iliyotolewa katika gari kuukuu ng'ambo imekwisha kutumikia maisha yake ya kwanza, na mpira hata usipotumika huzeeka kwa miaka. Tusisahau kwamba hata magari tunayoyanunua yamefika yakiwa na umri. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 imezuia kwa jumla kuingizwa nchini magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa, lakini gari la miaka 12 au 13 ni halali, na bushi zake nazo zina miaka 12 au 13.

Zipo pia bushi za poliyurethani, ambazo ni ngumu kuliko mpira na hudumu zaidi. Wauzaji huzisifu sana. Faida yake ni kweli, lakini na gharama yake ni kweli: hupitisha mtetemo na kelele zaidi ndani ya gari, na nyingine hulia zisipopakwa grisi. Kwa pikapu ya kazi zafaa. Kwa gari la familia, mpira mzuri unatosha.

Hata kipuri bora huharibiwa na kazi mbaya. Nitataja mambo matatu ambayo askari mwenye gari apaswa kuyasimamia kwa macho yake. La kwanza, bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Fundi akizikaza gurudumu likiwa linaning'inia, mpira hukazwa ukiwa umepindwa, na gari likishuka hubaki limeusokota. Utachanika kabla ya wakati wake, nawe utamlaumu muuzaji bure. La pili, springi ya koili isifunguliwe katika shokapu bila kifaa maalumu cha kuibana. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya la mtu. La tatu, viungo vikishabadilishwa, gari lipelekwe kupimwa na kunyooshwa magurudumu, ama sivyo matairi mapya yatalika upande mmoja kwa muda mfupi.

Siwadharau mafundi wetu kwa kusema haya. Baada ya mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa nchini na biashara ya vipuri ikaanguka, mafundi wa mahali kama Katwe ndio walioyaweka magari barabarani kwa nyundo, moto na akili. Walichonga kilichokosekana kwa sababu hakikupatikana kingine. Taifa lina deni kwao. Lakini kilichokuwa lazima wakati wa uhaba kisigeuzwe kuwa mazoea wakati wa wingi. Kuikata springi ya koili kwa msumeno, au kuipasha moto ili ibadili kimo, huiondolea nguvu iliyopewa kiwandani na huweza kuifanya itoke katika kikalio chake.

Sasa niseme neno juu ya wale ambao kweli wanahitaji kuongeza kimo au nguvu. Askari anayefanya kazi Karamoja, anayevuka mito ya mchanga na kupita njia za mawe, hawezi kufananishwa na yule anayetoka Naguru kwenda Ntinda. Huyo anunue seti kamili, yaani springi pamoja na shokapu zilizotengenezwa kufanya kazi pamoja, wala si vipande vya mpira. Makampuni yanayoaminika ya Australia, kama watengenezaji wa Old Man Emu, huuza springi kwa kadiri ya uzito unaobebwa. Basi mnunuzi aseme ukweli juu ya mzigo wake wa kila siku. Springi ya mzigo mzito katika gari tupu hulifanya liruke kama mbuzi, na gurudumu linaloruka, kama nilivyosema, halina breki.

Watengenezaji wenyewe huchagua springi kwa kazi. Land Cruiser za kazi nzito za mfululizo wa 70 zilianza mwaka 1984 zikiwa na springi za bamba mbele na nyuma. Mwaka 1999 Toyota iliweka koili mbele, mahali pa usukani, na kubakiza bamba nyuma, mahali pa mzigo. Hakuna aina ya springi iliyo bora kwa kila kitu. Iko inayofaa mahali pake.

Katika pikapu tumezoea kuongeza bamba moja au mawili nyuma ili ibebe watu na vifaa zaidi. Yafaa tukumbuke kwamba bamba huongeza nguvu ya springi tu. Haliongezi nguvu ya ekseli, wala ya chesisi, wala ya breki. Tena baadhi ya pikapu zina vali ya breki iliyounganishwa kwa kijiti na ekseli ya nyuma. Vali hiyo hupima jinsi gari lilivyolala, na gari likilala kwa uzito huziongezea breki za nyuma nguvu. Ukiweka bamba jipya au ukainyanyua nyuma bila kuirekebisha vali, nayo hudhani gari ni tupu, ikapunguza breki za nyuma siku ambayo umebeba askari kumi. Hilo ni jambo ambalo mwenye kuagiza matengenezo, hata awe na cheo gani, apaswa kumsikiliza fundi na dereva.

Hapa nafika kwenye jambo linalotuhusu sisi tuliovaa sare kuliko raia wa kawaida. Askari wa usalama barabarani humsimamisha mwananchi na kumwandikia kosa la gari kuwa katika hali ya hatari, kosa ambalo madereva wote wa nchi hii hulijua kwa herufi tatu, DMC. Ni kazi ya haki na inaokoa maisha. Lakini mwananchi yule ana macho. Akiliona gari la askari limeegeshwa kando, limenyanyuliwa, tairi zake zimelika upande mmoja na chini yake mafuta ya shokapu yanadondoka, atalipa faini yake kwa mkono huku moyo wake ukisema neno jingine. Sheria inayotoka kwa mtu asiyeifuata hupungua uzito njiani.

Tena sisi tuna malezi ambayo raia hana. Askari hawezi kwenda zamu bila kukagua silaha yake. Dereva wa jeshi hufundishwa kulizunguka gari asubuhi kabla ya kuliwasha, akitazama matairi, mafuta, maji na kila kinachovuja. Kwa nini mazoea hayo yaishie kwenye gari la serikali? Napendekeza kwamba katika kila kambi na kila makao ya polisi, mafundi wetu wenyewe watenge siku moja kwa mwezi ya kuyakagua magari ya askari: jeki moja, vigingi vinne, taa moja, na orodha ya vitu sita vya kutikisa. Asiyepita asiadhibiwe, aambiwe tu kilicho kibovu na aandikiwe jina sahihi la kipuri cha kununua, ili asidanganywe sokoni. Gharama yake ni muda wa asubuhi moja. Kambi yenye karakana haina udhuru.

Rafiki yangu koplo alilitengeneza gari lake tena. Aliviondoa vile vipande vya mpira, akanunua boljointi mbili, bushi za mbele na jozi ya shokapu, akalipa kwa miezi mitatu. Gari likarudi kimo chake cha zamani. Wenzake kambini walimcheka kidogo kwamba limekuwa fupi. Mlio ule haujasikika tena, na watoto wake hupanda nyuma.

Basi, ndugu askari, kabla hujaenda gereji na mkopo mpya mfukoni, chutama jioni ya leo karibu na gurudumu la mbele la gari lako. Lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, umeshajua fedha ile iende wapi kwanza.